Saa ya zamani inayokimbia: ipime sumaku kabla ya kubadilisha springi

Ndugu, umeeleza kwamba saa ya mkono uliyoinunua katika soko la Kibuye, Kisumu, imeandikwa "Antimagnetic" (yaani haishiki sumaku) usoni, kwamba inakimbia dakika 12 kwa siku, na kwamba fundi anataka kuibadilisha springi. Nakusihi usikubali kabla hujaipima sumaku.

Nayasema haya kwa uchungu. Saa ya kwanza katika mkusanyiko wangu ilikuwa ya marehemu mjomba wangu, aliyefanya kazi ya reli hapa Nakuru, nayo ilikuwa na neno hilo hilo. Kila usiku aliilaza juu ya redio kando ya kitanda. Niliporithi saa hiyo ikiwa inakimbia, fundi mmoja aliing'oa springi yake ya asili, ile nyembamba kama unywele inayoongoza mapigo, akatia ya saa nyingine, na tangu siku hiyo haijawahi kwenda sawa. Nilichelewa kuelewa kwamba chanzo kilikuwa spika ya redio, ambayo ina sumaku ndani. Springi ikishaingiwa na sumaku, mizunguko yake hunatana, na ikinatana ni kana kwamba imefupishwa, hivyo gurudumu lake hucheza upesi kuliko kawaida.

Neno "Antimagnetic" katika saa nyingi za Uswisi za miaka ya 1950 na 1960 humaanisha tu kwamba springi imetengenezwa kwa mchanganyiko wa metali usioshika sumaku kwa urahisi. Sehemu nyingine za chuma bado hushikwa. Tofauti kabisa ni saa zilizoundwa kwa ajili ya wahandisi na wanasayansi, kama vile Ingenieur ya IWC ya 1955, Milgauss ya Rolex ya 1956, iliyokusudiwa kuhimili gausi 1000 (gausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku), na Railmaster ya Omega ya 1957. Hizo zina ganda la pili la chuma laini ndani, ambalo huipitisha nguvu ya sumaku kandokando ya mitambo. Railmaster ililenga watu wa reli, na kwa mtu aliyelelewa katika nyumba ya reli kama mimi, hakuna saa ninayoitamani kuliko hiyo. Ukiletewa mojawapo, omba ifunguliwe mbele yako, na usipoona kifuniko cha pili chini ya kile cha nje, usilipe bei ya saa kamili.

Sasa kipimo. Chukua dira ndogo, iweke mezani mbali na vyuma, kisha isogeze saa polepole kuizunguka. Sindano ikivutwa, usikate shauri bado, maana chuma chochote huivuta. Tafuta mahali ambapo ncha ile ile ya sindano inasukumwa na kukimbia, kwa kuwa ni sumaku pekee inayosukuma. Mara nyingine, saa ikiwa inatembea, utaiona sindano ikitetemeka kwa kufuata mapigo yake.

Dawa yake ni kifaa cha koili kinachochomekwa kwenye umeme wa nyumbani, na fundi makini huwa nacho. Saa huwekwa juu ya koili, kitufe hubonyezwa, kisha saa huondolewa taratibu hadi urefu wa mkono kabla kitufe hakijaachiliwa. Ukikiachilia mapema, saa inaweza kubaki na sumaku zaidi ya ile iliyokuja nayo, na ndiyo sababu umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo tunalolijua vizuri huku kwetu, ni lazima uanze upya.

Baada ya hapo, itie ufunguo hadi mwisho, iache imelala uso juu kwa saa 24, kisha uilinganishe na saa ya simu bila kuilaza juu ya simu yenyewe, kwa kuwa nayo ina spika. Ikiwa bado inakimbia kwa dakika nyingi, huenda springi imeguswa na mafuta au imepinda, na hapo irudishe kwa fundi, umwombe aisafishe kwanza na akurudishie kila kipande anachokitoa.