Mtutu na mfumo wa gesi wa AR-15: uamuzi mmoja, si miwili

SWALI: Shikamoo fundi. Ninaishi Texas kwa kibali cha ukaazi wa kudumu, na nimekwisha kununua kiunzi cha chini (sehemu yenye kifyatulio) cha bunduki ya AR-15 kwa muuzaji mwenye leseni. Nataka bunduki ya kuwindia nguruwe mwitu kwa umbali usiozidi mita 200, na mara mojamoja ya kulengea shabaha za karatasi. Nimekwama kwenye mtutu: nichukue wa inchi 16 au 18, na mfumo wa gesi uwe mfupi, wa kati au mrefu? Mwenzangu ananishauri ninunue wowote wa bei nafuu, kisha nilipanue tundu la gesi ili bunduki isikwame. Je, ni ushauri mzuri? Na pistoni ina faida gani?

JIBU: Marahaba. Niseme mapema kwamba ushauri wa mwenzako haufai, na sababu yake itaonekana tukishaelewa gesi inafanya kazi gani ndani ya bunduki hii. Kosa ninaloliona mara nyingi kwa wanaojichagulia vipuri ni kuuchagua mtutu kwanza kwa urefu na sura, kisha kuufikiria mfumo wa gesi kama kitu cha kuongezea baadaye, ilhali tundu la gesi hutobolewa kiwandani kwenye mtutu wenyewe na mahali pake hapahamishiki. Ukinunua mtutu umenunua na mfumo wa gesi.

Eugene Stoner alipoibuni bunduki hii katika kampuni ya ArmaLite, kabla ya haki zake kuuzwa kwa Colt mwaka 1959, aliachana na pistoni ya kawaida iliyo juu ya mtutu, yaani fimbo inayosukumwa na gesi. Kichwa cha risasi kinapolipita tundu la gesi, sehemu ndogo ya gesi ya baruti hupanda kupitia tundu hilo, ikarudi nyuma ndani ya bomba jembamba la chuma, ikaingia katika kibeba bolti na kukisukuma (bolti ni kipande kinachoufunga mtutu kwa nyuma). Bolti hujizungusha, ikajifungua, ikalitoa ganda tupu, na springi iliyo kwenye kitako ikairudisha mbele ikiwa na risasi mpya. Gesi hiyo husukuma kwa nguvu kwa muda mfupi mno: kuanzia kichwa cha risasi kinapolipita tundu hadi kinapotoka kwenye mdomo wa mtutu. Kikishatoka, shinikizo linaanguka mara moja. Kwa hiyo mambo mawili ndiyo yanayoamua tabia ya bunduki yako: tundu liko umbali gani kutoka chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi), kwa kuwa karibu na chemba shinikizo ni kubwa zaidi, na umebaki urefu gani wa mtutu mbele ya tundu.

Sasa tupige hesabu. Katika mfumo mfupi, ule wa kabaini (bunduki fupi), tundu liko takriban inchi 7 na nusu kutoka mwanzo wa mtutu. Katika wa kati ni takriban 9 na nusu. Katika mrefu ni takriban 13. Bunduki ya asili ya jeshi la Marekani, M16, ilikuwa na mtutu wa inchi 20 na mfumo mrefu, yaani zilibaki kama inchi 7 mbele ya tundu. M4, ambayo mtutu wake ni wa inchi 14 na nusu, hutumia mfumo mfupi, na hapo pia zinabaki kama 7. Ukiuchukua mfumo huo mfupi ukauweka kwenye mtutu wa inchi 16, zitabaki 8 na nusu: gesi inaingia ikiwa na shinikizo kubwa, tena kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Bunduki itafanya kazi, na kwa kweli zipo nyingi za aina hiyo sokoni, ila bolti itarudi kwa kishindo, kipigo begani kitakuwa kikali zaidi na vipuri vitachakaa mapema. Mfumo wa kati kwenye inchi 16 unabakiza kama 6 na nusu, karibu sawa na bunduki ya asili, na tundu lake liko mahali ambapo shinikizo limeshapungua. Ndiyo sababu kwa matumizi yako ninapendekeza bila kusita inchi 16 na mfumo wa kati.

Inchi 18 si mbaya. Bunduki ya Mk 12 ya vikosi maalumu vya Marekani ilitumia inchi 18 na mfumo mrefu, na mpigo wake ni laini sana. Lakini mbele ya tundu zinabaki inchi 5 tu, kwa hiyo ukubwa wa tundu lazima uwe sahihi kabisa, na risasi dhaifu za bei rahisi huenda zisiisukume bolti vya kutosha, hasa siku za baridi. Unachokipata kwa inchi hizo mbili ni mwendo: kwa kawaida kati ya mita 8 na 15 kwa sekunde kwa kila inchi. Kwa nguruwe aliye mita 150 tofauti hiyo haitambuliki, wakati uzito wa ziada unaokaa mbele, pale mkono wa kushoto unapobeba, utaujua kabla jua halijachwa.

Kuhusu mifereji ya ndani ya mtutu, ile inayokizungusha kichwa cha risasi, watu hutaja uzito wa kichwa cha risasi, lakini kinachodai mzunguko wa kasi hasa ni urefu wake. Mwanahisabati Mwingereza George Greenhill alilionyesha jambo hilo kwa kanuni yake ya mwaka 1879. Lina maana kwa mwindaji, kwa sababu shaba ni nyepesi kuliko plumbi, na kichwa cha shaba tupu chenye greini 62 (greini ni kipimo kidogo cha uzito) ni kirefu kuliko cha plumbi chenye uzito huohuo. M16 za vita vya Vietnam zilikuwa na mzunguko mmoja kwa inchi 12, yaani mifereji humaliza duara moja katika inchi 12 za mtutu, uliotosha greini 55. Jeshi lilipoanza kutumia vichwa virefu zaidi katika miaka ya 1980 likahamia inchi 7. Wewe chukua mzunguko mmoja kwa inchi 8, unaomudu kuanzia greini 55 hadi 77. Inchi 7 haitakudhuru, ila huna haja nayo.

Chemba nayo iangalie, maana ni suala la usalama. Risasi za .223 Remington na 5.56 NATO zinafanana kwa sura, lakini chemba ya 5.56 ina nafasi ndefu zaidi kabla ya kichwa kuigusa mifereji. Risasi ya 5.56 ikipigwa katika chemba ya .223, shinikizo linaweza kupanda kupita kiasi. Kinyume chake hakuna hatari. Chemba iitwayo .223 Wylde hupokea zote mbili na hulenga vizuri. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, usitegemee maneno ya muuzaji. Kwa ndani, chuma kilichotiwa kromu au kilichopikwa kwa naitraidi hustahimili kutu na joto. Chuma cha pua hupendwa na wapiga shabaha, na kwa nguruwe si lazima.

Sasa tundu. Ukilipanua umezidisha gesi daima, kwa sababu chuma kilichotolewa hakirudi. Bunduki inayokwama inaweza kuwa inapungukiwa na gesi, lakini pia inaweza kuwa bloki ya gesi (kipande kinachoiongoza gesi kutoka tunduni hadi kwenye bomba) haijakaa sawasawa juu ya tundu, bomba linavuja, au bafa (uzito ulio kwenye kitako nyuma ya kibeba bolti) ni nzito mno. Mambo hayo yote hurekebishika bila keekee. Ukitaka uhuru wa kurekebisha, nunua bloki yenye skrubu ya kupunguzia gesi. Hakikisha tu kipenyo chake kinalingana na mtutu wako. Kipimo cha kawaida ni inchi 0.750, lakini mitutu myembamba huwa na 0.625.

Pistoni huzuia masizi na joto kuingia kwenye bolti, na ina manufaa kwa mtutu mfupi sana au bunduki yenye kipunguza sauti. Kwa mtutu wa inchi 16 wa kuwindia, itakuongezea uzito, gharama, na vipuri ambavyo kila kiwanda hutengeneza kwa namna yake. Usijisumbue nayo.

Kisheria, usishuke chini ya inchi 16, zinazopimwa kutoka uso wa bolti iliyofungwa hadi mdomoni. Chini ya hapo, sheria ya shirikisho ya mwaka 1934 inaihesabu kuwa bunduki ya mtutu mfupi, inayohitaji kusajiliwa na kuidhinishwa kabla hujaiunda. Kwa kuwa wengine watalisoma jibu hili: aliyeko Marekani kwa viza ya muda, kama ya masomo au matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha wala risasi isipokuwa kwa misamaha michache, na baadhi ya majimbo, kama New York na California, yana masharti makali kuhusu bunduki za aina hii. Wala mtutu usiufunge katika sanduku la safari kumpelekea ndugu Nairobi au Dar es Salaam; kuutoa Marekani bila leseni ya usafirishaji ni kosa la jinai.

Bunduki ikishaunganishwa, fundi mwenye leseni apime nafasi ya chemba kwa vipimo vyake kabla haijapigwa. Kisha, uwanjani, weka risasi moja tu katika magazini na upige. Rudia mara kadhaa kwa risasi utakazowindia. Bolti ikibaki wazi nyuma kila mara, gesi inatosha. Isipobaki, kagua kwanza bloki na bafa. Ikibaki lakini maganda yakaruka mbele na kingo zake zikawa zimekwaruzwa na kung'olewa, gesi imezidi, na hapo ndipo skrubu ya bloki au bafa nzito zaidi inapofanya kazi yake.