Si kila moyo mzito huponywa na mapumziko

Kusi likichafuka, mvuvi wa Lamu hukaa nchi kavu siku nyingi huku deni la tajiri na karo vikimngoja. Kichwa chauma, hasira ziko karibu. Huo ni msongo: sababu yake yaonekana, na bahari ikitulia na mtu hutulia. Huyu ukimwambia apumzike, umemfaa.

Kazi ipo pale bahari imetulia na yeye bado. Usiku moyo wadunda; leo ahofia homa ya mtoto, kesho injini. Huo ni wahaka, nao ukishika siku nyingi kwa miezi 6 huhesabiwa maradhi. Hapa mapumziko humharibu, kwani kila safari anayoikwepa humpa nafuu ya jioni moja na kuinenepesha hofu. Arudi kwa vituo: kwanza gatini, kisha ndani ya mashua iliyotia nanga, kisha safari fupi. Kila kituo akae mpaka moyo upungue kasi, hata ikichukua nusu saa. Akiondoka hofu ingali juu, nafsi hujifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Mirungi, na kahawa ya barazani baada ya alasiri, aache: hupiga moyo mbio, naye akadhani ni hofu ileile.

Msongo mrefu hula usingizi, usingizi mbovu huchochea wahaka, wahaka humfungia mtu ndani, na humo ndani sonona humkuta. Wengi huwa na wahaka na sonona pamoja. Sonona ni huzuni au kukosa hamu ya chochote, karibu kutwa, kwa wiki 2 au zaidi, pamoja na chakula kutopita, nguvu kwisha, kujiona hana thamani. Majirani husema uvivu, au jini. Kisomo kina faraja yake, ila kisizuie hospitali. Nyumbani, apangiwe jambo dogo lenye saa yake: kuoga saa 1, kutembea pwani dakika 15. Asingoje hamu; hamu huja nyuma ya miguu.

Vidonge vya usingizi vya dukani, mfano diazepam, huzoesha mwili ndani ya wiki chache. Dawa za sonona kama fluoxetine hukawia wiki 2 hadi 4, na wengi huzitupa wiki ya kwanza kwa kichefuchefu. Akipona aendelee nazo angalau miezi 6, na asiziache bila daktari.

Akitaja kufa, muulize waziwazi kama awaza kujiua. Swali halimtii wazo hilo. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokea simu bila malipo kwa 1199.