Ukienda kanivali ya Köln, usiende kutazama

Nilishuka kituo kikuu cha treni cha Köln Alhamisi asubuhi, nimevaa koti jeusi, maana Februari ya Ujerumani ina baridi. Mbele yangu alipita bibi mzee aliyevaa kama nyuki, nyuma yake polisi watatu ambao hawakuwa polisi. Katika umati ule, mimi peke yangu ndiye niliyekuja kutazama.

Kwa hiyo tafuta vazi kabla hujafika, hata wigi tu na rangi kidogo shavuni. Pale vazi ni salamu. Nilipovaa kofia ya baharia niliyoinunua njiani, watu waliokuwa wakinipita bila kuniona walianza kunishika mkono tuimbe.

Alhamisi hiyo, Weiberfastnacht, ni ya wanawake. Ikifika saa tano na dakika kumi na moja asubuhi, 11:11 kwa saa zao, sherehe za mitaani hufunguliwa, na wanawake hupita na mikasi wakikata tai za wanaume. Aliyekatwa hupewa busu la shavuni, Bützje. Vaa tai usiyoipenda, na busu lile usilipe maana nyingine.

Ukiingia baa, mhudumu atakuletea glasi ndogo ya bia, na ikiisha ataleta nyingine bila kukuuliza. Ukitosheka, funika glasi kwa kile kikadi kinachowekwa chini yake. Mimi nilikuwa nikisema “asante, basi” na glasi zinazidi kuja.

Nilidhani nitaona fujo, nikakuta ratiba. Msimu huanza 11 Novemba, tena saa 11:11, na kamati ya sherehe ipo tangu 1823. Jumatatu, Rosenmontag, watu husubiri msafara kwenye baridi kwa saa nyingi, kisha hupaza sauti “Kamelle!” warushiwe peremende. Beba mfuko. Salamu ni “Kölle Alaaf”. Ile ya “Helau” iache Düsseldorf, kwani miji hii miwili inashindana kwelikweli.

Kuna jambo moja liliniuma, na sitalificha. Kijana mmoja alijipaka rangi nyeusi usoni, akavaa sketi ya majani, akaniomba tupige picha pamoja. Nilikataa. Nikamwambia kwa maneno machache kwamba ngozi yangu si vazi. Alisema hakukusudia ubaya, akaondoka. Mwenzake, aliyevaa kama paka, alibaki akanieleza kwamba Wajerumani wenyewe wanabishana sana juu ya mavazi ya namna hiyo. Yakikukuta, sema mara moja, kwa utulivu, kisha ondoka. Huna deni la kumfundisha mtu historia katikati ya ngoma, wala hulazimiki kucheka ili usiharibu furaha ya wengine. Nilikaa pembeni kama nusu saa, nikarudi kuimba, kwa sababu sherehe haikuwa ya kijana yule peke yake.

Jumanne usiku usilale mapema. Nje ya baa huchomwa Nubbel, mdoli wa majani makavu aliyevalishwa nguo za mtu, naye hubebeshwa dhambi zote za siku zile, hata pesa zilizotumika ovyo. Nilishangaa kuona watu wakilia kweli.

Asubuhi ya Jumatano ya Majivu nilipanda tramu. Makoti meusi, kimya, kila mtu na dirisha lake. Mama aliyeketi mbele yangu alikuwa bado na chembe ya rangi ya dhahabu karibu na sikio.