Dereva yuko kituoni, mwenye lori yuko barazani

Barua mlizoniandikia mwezi huu kuhusu ajali na fidia zimelemea upande mmoja kama tipa lililopakiwa vibaya: malori, keri (vigari vya mizigo), mafuso. Nimezichagua kwa makusudi, kwa sababu kuna jambo nimechoka kulirejea. Ajali ikitokea sote tunamkimbilia dereva. Yeye ndiye anayepigwa, yeye ndiye anayelala kituoni, mkewe ndiye anayeuza kitanda. Na dereva huyo aghlabu ndiye aliyepata kidogo kuliko wote waliofaidika na safari ile. Haya, tuanze.

Suali: Shikamoo mzee. Kaka yangu alikuwa na vespa wakati wa magharibi, njia ya Fuoni. Mbele yake kulikuwa na keri imepakia nondo zimetokeza nje mbali. Keri ikafunga breki ghafla, nondo ikamchoma begani. Tunaambiwa aliyegonga kwa nyuma ndiye mkosa. Ni kweli?

Jibu: Marahaba, mwanangu. "Aliyegonga kwa nyuma ndiye mkosa" ni maneno ya barazani. Trafiki huanzia hapo kwa kuwa mara nyingi ndivyo ilivyo, lakini kuanzia si kumalizia. Mimi nauliza habari za nondo. Nani aliyezipakia? Zilifungwa kitambaa chekundu, na magharibi ile kilionekana? Dereva aliyekubali kuondoka na mzigo ule ana lake. Mwenye keri ana lake pia, maana kosa la mfanyakazi akiwa kazini humfuata aliyemtuma, hata kama alikuwa kwake amelala. Ikiwa vijana wa duka la vifaa vya ujenzi ndio waliopakia na kufunga kamba, na duka nalo liitwe lijieleze.

Kaka yako naye ataulizwa. Alikuwa karibu mno? Taa ya vespa ilikuwa inawaka? Mahkama inaweza kugawa lawama mafungu, akabeba fungu lake na fidia ikapungua kwa kiasi hicho. Kupunguziwa si kunyimwa. Nondo zenyewe nadhani sasa zimo ndani ya zege la mtu, lakini risiti ya duka ipo. Itafuteni. Ombeni nakala ya ramani ya ajali aliyochora trafiki, hifadhini PF3 (ile fomu ya polisi ya matibabu), na mwenye picha za simu za jioni ile asizifute.

Suali: Ng'ombe wangu amegongwa na lori la mawe. Nani analipa?

Jibu: Kamba ilikuwa na urefu gani? Kama ilimfikisha katikati ya lami, jiandae kuulizwa wewe kwanza.

Suali: Tulikuwa wachumaji karafuu kumi na nane juu ya Fuso, tunakwenda dago, kambi ya wachumaji. Likapinduka mteremkoni. Wawili wamevunjika. Mwenye gari anasema tulipanda kwa hiari yetu, lori si daladala, na bima haitolipa. (Mchumaji, Mtambile)

Jibu: Mwenye gari kasema mambo matatu, na moja tu ndilo la kumtisha mtu. Lori si daladala, kweli. Lori la mizigo hukatiwa bima ya gari la mizigo, na shirika la bima likikuta abiria juu ya magunia litatafuta mlango wa kutokea, na mara nyingi litaupata. Lakini bima kukataa ni ugomvi wa mwenye gari na shirika lake. Deni lenu linabaki mlangoni kwake palepale.

Sasa hilo la hiari. Kukubali kupanda lori si kukubali kupinduliwa. Jambo ninalotaka kulijua, nanyi hamkuniandikia, ni nani aliyelileta lori. Ikiwa mwenye shamba ndiye aliyelikodi liwachukue wachumaji wake, hamkuomba lifti. Mlikuwa mnapelekwa kazini, na yeye mwenyewe hawezi kukaa pembeni akala tende. Ikiwa dereva aliwapakia njiani kwa nauli ya mfukoni mwake na bosi wake hakujua, mwenye gari atadai kuwa dereva alikuwa katika biashara zake binafsi. Hapo kesi inakuwa ngumu kidogo, ila ngumu si kufa. Kwa hiyo tafuteni: nauli alipokea nani, na lori lile lilikuwa likipakia watu kila siku au siku ile tu? Kama kila siku, mwenyewe asijifanye kipofu.

Niongeze na ambalo hamkuliuliza. Msimu ukiingia malori haya hupita mbele ya vituo mchana kweupe, watu wamekaa juu kama mahindi, na askari hupungiwa mkono. Ukimalizika msimu wa karafuu yanakuja ya harusi, ya mpira na ya maziko. Mtoto wako akipanda lori la kwenda kushangilia mpira Gombani, ujue bima yake ni kamba aliyoishika.

Suali: Dereva anasema breki zilifeli, ni kudra ya Mungu. Tumsamehe?

Jibu: Kusamehe ni juu yenu. Kuhusu kudra, mimi Muislamu kama nyinyi, na sijaona kudra inayomfutia mtu deni. Breki za lori hazifi kwa siku moja. Hulia, huvuja, hukanyagwa mara mbili ndipo zikashika, na dereva humwambia bosi, na bosi humwambia "malizia wiki hii". Anayesema breki zilifeli ndiye atakayetakiwa kuonesha gari ilitengenezwa lini, gereji gani, kwa pedi zipi. Muulizeni utingo wake, tena kabla hajapewa kazi nyengine na bosi yule yule.

Suali: Niliuza Fuso langu mwaka jana, mnunuzi hakubadilisha jina. Juzi limemgonga mtu na polisi wamenifuata mimi. Si dhulma hii?

Jibu: Barua hii ni ya nne tangu Ramadhani. Nne! Nitajibu mara ya mwisho, na atakayeuliza tena nitamtumia gazeti hili.

Kadi ya gari ndiyo inayosomwa mwanzo. Jina lililo pale ndilo linaloitwa mwanzo, na mwenye jina ndiye anayetakiwa kueleza kwa nini asihusike. Unaweza kujitoa, lakini kwa ushahidi: hati ya mauziano yenye tarehe na saini, pesa zilizopita benki, mashahidi, na zaidi ya yote ushahidi wa nani anamlipa dereva na nani anapokea hesabu kila jioni. Wewe umeniandikia kuwa mliuziana "kwa uaminifu". Uaminifu hauna muhuri.

Kuna baya zaidi ambalo wauzaji na wanunuzi hamlioni. Bima ilikatwa kwa jina lako. Gari imeshauzwa, haikuhusu tena, na shirika litasema halikumkatia bima huyu mgeni. Basi aliyegongwa anabaki na nyinyi wawili mnaonyoosheana vidole. Siku ya kuuza, nendeni wote wawili ofisi ya usajili, na bima iandikwe upya. Na mwenye kutaka kujua kama gari iliyomgonga ina bima ya kweli au stika ya mapambo, TIRA, mamlaka inayosimamia bima, wana mfumo wa kuhakiki kwa namba ya gari, kwa simu tu. Fanyeni siku ile ile.

Suali: Najenga Tunguu. Nilikodi tipa la mchanga pamoja na dereva wake. Akirudi nyuma kiwanjani akamvunja fundi wangu mguu. Mwenye tipa anasema siku ile dereva alikuwa chini yangu.

Jibu: Anajaribu bahati yake, na si wa mwanzo. Kuna kesi ya bandari ya Liverpool ambayo wanafunzi wa sheria huisoma mpaka leo. Bandari iliwakodisha wapakizi kreni pamoja na mwendeshaji wake, na mkataba ukasema kabisa kwamba mwendeshaji ahesabiwe mtu wa wapakizi. Akamjeruhi mtu. Mwaka 1946 mahkama ya juu ya Uingereza ikasema bandari ndiyo ilipe, kwa sababu wapakizi walimwambia cha kuinua, hawakumfundisha namna ya kuendesha kreni. Na sheria yetu ya madai imenyonya ziwa lile lile.

Ukisema "mwaga mchanga pale", hujawa bwana wake. Lakini nakujueni wajenzi. Kama ulisimama nyuma ya tipa ukipunga mkono "njoo, njoo, njoo" na fundi yumo njiani, una fungu lako, na ni vyema ulikiri mapema kwa wakili wako kuliko kuumbuliwa na shahidi. Tena fundi ni mtu uliyempa kazi. Usimwachie mwenye tipa gharama zote za hospitali huku ukisubiri kesi.

Suali: Dereva aliyemuua baba yetu ametozwa faini. Kesi imekwisha? Tunaweza kwenda kwa Kadhi kudai diya, fidia ya damu?

Jibu: Faini imeingia Serikalini, nyinyi hamkupata hata senti. Ile ilikuwa kesi ya Serikali na dereva. Ya kwenu, ya madai, haijaanza, na hukumu ile mtaibeba kama silaha. Mahkama ya Kadhi ni ya ndoa, talaka, malezi, mirathi na mfano wa hayo, haisikilizi ajali. Mkipewa diya kwa maridhiano hakuna wa kuwazuia, ila iandikwe kama inamaliza madai yote au ni mkono wa pole tu. Mambo ya mirathi ya marehemu yapelekeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Na msingoje arubaini ya pili: madai yana muda wake, na muda hauombolezi.

Suali: Mimi utingo, niliangukiwa na tofali tukishusha. Bosi anasema kibarua hana haki.

Jibu: Anayo. Zanzibar ina sheria ya fidia kwa wafanyakazi, na kwa fidia hiyo huna haja ya kuthibitisha kuwa bosi ana kosa. Nenda Kamisheni ya Kazi, na uende na wenzako waliokuona.

Suali: Mume wangu alivunjwa mguu na lori la matofali. Siku ya pili walikuja hospitali ndugu za mwenye lori pamoja na mzee mmoja wa mtaani kwetu. Wakanipa laki tatu na gunia la mchele, nikatia dole gumba kwenye karatasi. Sasa daktari anasema apelekwe Dar kwa operesheni. Wanasema nimeshamaliza madai. Nifanye nini, baba?

Jibu: Mwanangu, karatasi hiyo naijua vizuri. Miaka niliyofanya kazi kwenye madai ya bima, mpelekaji wa karatasi hizo nilikuwa mimi. Tulikwenda mapema, kabla ya bili ya hospitali. Tulikwenda na mtu wa makamo mwenye maneno laini, ikiwezekana anayewajua wenyeji. Hatukwenda na daktari hata siku moja, maana daktari angesema mguu haujulikani utaishia wapi. Bosi wangu akiita kazi hiyo "kutoa pole". Nami nikaita hivyo hivyo, mpaka nilipomkuta Chake Chake mtu niliyempa pole akitembelea mikongojo.

Sasa sikiliza. Mguu ni wa mumeo na dai ni la mumeo. Yu hai na akili zake timamu, dole lako haliwezi kumuuzia haki yake. Lingekuwa lake pia, bado tungeuliza: alisomewa? Alifafanuliwa? Alijua kuna operesheni? Usiwarudishie pesa kwa hasira, zitahesabiwa kama malipo ya mwanzo. Mchele pikeni. Ila usitie dole jengine popote. Kesho nenda Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, Unguja wapo na Pemba wapo, au muone msaidizi wa sheria wa shehia yako. Chukua PF3, barua ya daktari ya kumpeleka Dar na nakala ya karatasi ile. Wakikunyima nakala, lioneshe hilo nalo kwa maandishi.

Na wewe wa Micheweni uliyetuma picha ya karatasi ya aina hiyo hiyo: haisomeki. Piga tena mchana, pande zote mbili. Upande wa nyuma hasa, kule kwenye maandishi madogo.