Mota ya mtetemo ya simu haihitaji sensa, yenyewe ndiyo sensa

Mkuu, umesema uling'oa mota ya duara kwenye simu, ukaiunga na betri, ikagonga "tik" moja ikanyamaza, na waliokujibu juu wanasema imekufa au uitafutie sensa ya mwendo. Haijafa. Hiyo ni LRA (mota ya kutetemeka kwa mstari), si zile za zamani zenye kipande kizito kinachozunguka. Ndani mna koili, sumaku na springi, na kinachocheza kinakwenda na kurudi kwenye mstari mmoja. Ukiipa DC (umeme usiogeuka, kama wa betri) inasogea mara moja basi. Inataka umeme unaogeuka, tena kwa frikwensi yake ya asili. Nyingi za duara ziko kati ya Hz 150 na 235.

Unaweza kuiendesha na Arduino (bodi ndogo ya kuprogramu) kwa Hz 175 zisizobadilika (pitishia kwenye draiva, yaani chipu ya kuendesha mota, la sivyo utaua pini). Itatetemeka, ila ukiikosa frikwensi yake kwa Hz chache tu nguvu inaporomoka, na frikwensi yenyewe inahama kwa joto, uchakavu na jinsi ulivyoibandika.

Hapo ndipo mota inakuwa sensa: sumaku na koili zikipishana, volti inazaliwa, na ukubwa wake unafuata kasi. Draiva inasukuma, inaachia nyaya kidogo, inasikiliza volti hiyo, kisha inasukuma tena kwa wakati wake, kama mtu anayesukuma bembea. Breki ni hivyo hivyo, ila inasukuma kinyume, na inaacha kusukuma pale volti hiyo inapokaribia sifuri. Bila breki, mtetemo unavuta mkia hata baada ya kuzima.

Mimi natumia draiva DRV2605L ya Texas Instruments, kwa I2C (nyaya mbili za kuzungumza na chipu), anwani 0x5A. Weka biti ya 7 ya rejista (kisehemu cha kumbukumbu ndani ya chipu) 0x1A iwe 1, la sivyo inadhani imeungwa na mota ya kuzunguka. Jaza 0x16 na 0x17 kulingana na volti za mota yako, andika 7 kwenye 0x01, kisha 1 kwenye 0x0C ijipime. Ikimaliza soma 0x00: biti ya 3 ikiwa 0, imepita.

Wengi hufelia hapo kwa sababu mota inaning'inia kwenye nyaya. Kasha linacheza lenyewe, na volti ya kusikiliza inakuwa hafifu. Ibandike kwanza kwenye kitu kizito. Yangu niliibana kwenye kipande cha chuma kwa gundi ya pande mbili. Rejista 0x22, ukiisoma mota ikiwa inatetemeka, ilitoa 58. Zidisha kwa mikrosekunde 98.46 upate muda wa mtetemo mmoja, kisha gawa sekunde moja kwa muda huo, unapata kama Hz 175. Nilipoihamishia kwenye bangili nyepesi ya plastiki ikasoma 57, yaani Hz 178. Draiva ilifuata yenyewe, sikugusa msimbo.

Kwa hiyo ipime ikiwa tayari mahali itakapokaa, kisha hifadhi thamani za 0x18, 0x19 na 0x1A uzirudishe kila unapowasha. Ukikwama, tupia picha ya mota na namba iliyo mgongoni.