Rilei ya taa kubwa: ule mlio wa "tik" ulinidanganya wiki nzima

Asee, natoka Morogoro narudi Dar, saa mbili usiku, nimeshapita Mikese, niko na Celica yangu ya 1991 zile za taa za kuinuka (ndugu zake wenye turbo walichukua Safari Rally mara nne mfululizo, 1992 mpaka 1995, yangu yenyewe inashinda gereji tu), mara taa kubwa zikazima zote mbili kwa mpigo. Macho yameinuka vizuri, parking zinawaka, mbele giza totoro na nyuma kuna lori linapiga honi. Nikawasha hazadi nikajikokota mpaka sheli ya karibu, nikalala garini hadi kukakucha.

Fundi wa kwanza: "Kaka, hiyo swichi, tafuta nyingine." Wa pili akasema balbu, nikanunua balbu, giza lilelile. Hapo ndio nikakaa chini nikafikiria mwenyewe. Balbu mbili haziungui sekunde moja jamani, taa zikizima pamoja tafuta kile zinachochangia, na kwangu fyuzi zilikuwa mbili, ya kushoto na ya kulia, zote nzima, kwa hiyo inabaki swichi, rilei (kile kiboksi kinachopokea umeme mdogo wa swichi ndio kipitishe umeme mzito wa taa) na waya zake.

Sasa rilei nilikuwa nimeiruka kwa sababu kila nikiwasha naisikia inalia tik. Kumbe ile tik ni koili tu (waya uliozungushwa unaogeuka sumaku) inavuta kisahani ndani, haikuambii kama umeme mzito unapita. Tena ukiisikia ujue swichi imefanya kazi yake, kwa hiyo yule wa kwanza angenila hela bure.

Mtego wa pili ni mita. Nilipima mguu wa rilei wa kutokea umeme nikiwa nimechomoa balbu, ikasoma volti 12, nikasema nzima hii. Nikarudisha balbu nikapima palepale, volti 3 na kitu! Bila mzigo hata njia iliyobaki kama uzi inaonyesha volti zote, so pima balbu ikiwa imechomekwa, kila mara.

Nikaibandua kifuniko kwa kisu kidogo. Vile vidoti vya kugusana vilikuwa vyeusi kama mkaa, kimoja kimeliwa katikati kikabaki shimo. Nikapiga msasa laini, taa zikawaka, nikafurahi siku tatu halafu zikaanza kufifia tena. Ukisugua unazidi kuvipunguza vile vidoti vilivyokwisha liwa, kwa hiyo msasa ni wa kukufikisha nyumbani tu, ukifika nunua mpya. Na usinunue kwa kuangalia umbo peke yake, linganisha ampea na ule mchoro uliochorwa ubavuni, kuna rilei zinaingia kabisa kwenye soketi ila miguu imepangwa tofauti.

Halafu jiulize kwanini iliungua. Mwenye gari kabla yangu aliweka balbu za wati 100. Piga hesabu, fulu (taa za mbali) mbili za wati 60 ni kama ampea 10, za 100 zinakaribia 17, na hiyo ni rilei na waya za zaidi ya miaka 30. Nimerudisha za 60/55 (wati 60 fulu, 55 taa za chini) na wala sioni vibaya. Soketi nayo iangalie, yangu plastiki ilikuwa ya kahawia upande mmoja na kile kibati cha kike kinachoshika mguu wa rilei kimelegea, ningechomeka rilei mpya pale ingeungua vilevile, ikabidi fundi aweke kibati kipya na kipande cha waya mnene.

Kinachoniuma ni kwamba kwenye boksi hilohilo rilei ya honi ina ampea zilezile na mchoro uleule. Ile usiku ningezibadilishana dakika mbili tu nikafika Dar, bila honi sawa, ila nikalala kitandani. Sasa hivi nina ya akiba kwenye dashibodi, nimeivisha soksi isigongane na spana.