Jiwe zito linalovuta sumaku: ni kimondo?

Mkuu, umeuliza kama jiwe jeusi uliloliokota shambani ni kimondo kwa sababu sumaku inanasa. Sumaku peke yake haitoshi, maana hata magnetaiti, madini ya chuma ya kawaida kabisa, inanasa vizuri tu.

Chukua kigae cha bafuni, geuza upande wa nyuma usio na mng'ao, kisha likwaruze jiwe hapo kwa nguvu. Likiacha mstari mweusi, yaelekea ni magnetaiti. Mwekundu wa kutu, ni hematiti, madini mengine ya chuma. Kimondo kwa kawaida hakiachi alama, au huacha hafifu sana. Halafu sugua pembe moja kwa tupa: vimondo vingi huonyesha chembe za chuma zinazometameta kama fedha. Ukiona vitundu vya mapovu ndani, hilo karibu kila mara ni lava au mabaki ya kiwandani.

Kimondo cha Mbozi, kile kikubwa kilichopo Ndolezi, Tanzania, ni chuma kwa takriban asilimia 90, kilichobaki zaidi ni nikeli, kwa hiyo maabara wapime nikeli. Tafadhali usilipasue wala kulisafisha kwa asidi, na andika mahali hasa ulipoliokota.